Vile vijicho 44, achana navyo

Ambakisye kaka,

Ugonile! Sisi huku tupo, ila baridi ya Uyole unaijua mwenyewe, mwezi wa saba huu ukishika dumu la maji asubuhi unajuta. Shemeji na watoto wazima? Sasa sikia, kama bado hujaenda madukani Gerezani na ile listi yangu basi ichane, vile vijicho vya stenlesi vya kupitishia kamba nilivyokuagiza 44 sivitaki tena, nataka 8 tu, na usikasirike, ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Si unakumbuka nilikwambia kwenye hii katamarani ninayojenga, kati ya ile mitumbwi miwili, mbele na nyuma ya mlingoti, natandika trampolini, yaani wavu wa kukalia, we ukacheka ukasema katamarani ya Gwakisa ina kitanda. Basi mi nilishapanga kila sentimita 15 napiga kijicho, kuzunguka pande zote, nikajiona fundi kweli kweli. Kimoja nikakipata Mwanjelwa kwa jamaa wa vifaa vya malori, nikakifunga kwenye kipande cha plaiwudi ya milimita 9 kwa skrubu mbili, nikapitisha kamba, nikamwita mdogo wangu na jirani waje wakae katikati. Kaka, ubao ulilia kama mtu kavunja muwa gotini. Na kijicho chenyewe kizima kinang'aa, skrubu nazo nzima, ila zimetoka na nyuzi za mbao zimeng'ang'ania kwenye meno yake kama nyama kwenye mfupa. Jirani kakaa chini anacheka, mi sicheki.

Ndo nikashika kalamu nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa niipige mwezi mzima uliopita. Kamba ya kuanikia nguo ukiikaza sana, blanketi moja bichi tu linainamisha nguzo, si ndio? Ni hayo hayo. Chukua kamba ya mita 3, mtu wa kilo 80 akae katikati, ikibonyea sentimita 10 tu basi kila ncha inavutwa karibu kilo 600. Mia sita! Ukiiachia ibonyee sentimita 30 inashuka mpaka kama 200. Sawa, kwenye wavu kamba ni nyingi zinagawana mzigo, lakini nimeelewa, kwanza siuwambi kama ngoma, pili shida haikuwa kijicho, shida ni kwamba nyuma yake hakukuwa na kitu.

Kwa hiyo mpango mpya. Ubavuni mwa kila mtumbwi, upande wa ndani, nagandisha ukanda mrefu wa mbao kwa gundi ya epoksi na faiba, una matundu, kamba inapita humo moja kwa moja, mzigo unasambaa urefu wote badala ya kung'ang'ania skrubu mbili. Kwenye zile boriti za aluminiamu sitoboi kabisa, kamba inaizunguka boriti yenyewe basi. Yule Mwingereza James Wharram aliyevuka Atlantiki miaka ya 1950 na katamarani aliyojijengea, boti zake nyingi boriti zimefungwa kwa kamba tu, na ngalawa za huko kwenu pwani matengo yake, zile mbao za pembeni, yanafungwa kwa kamba tangu enzi, sasa mi wa Uyole nani mpaka nilazimishe bolti kila mahali. Vijicho vinabaki kwenye kona, vinne mbele vinne nyuma.

Na wavu wenyewe nimeupata bila kutoka Mbeya, hii utapenda. Turubai nilishalikataa, linatega maji juu na upepo wa mwera ukivuma mawimbi ya Ziwa Nyasa pale Matema yanalipiga kwa chini linataka kupaa. Wavu wa samaki wa Kyela unakata miguu. Nikawa nimesimama pale wanaposhonea maturubai ya malori yanayokwenda Tunduma, naangalia ile mikanda ya kufungia mizigo, ya upana wa sentimita 5, nikasema si hii hapa! Unaisuka kama mkeka, unaacha nafasi maji yapite, pembeni fundi anashona vitanzi kwa cherehani yake ya turubai. Ila soma lebo kwanza, ya bluu ni polista, hiyo ndo unataka, ya kijani nailoni ikilowa inalegea, ya kahawia polipropilini achana nayo, jua linaila. Nimepata iliyotumika, bei ya kuongea, na nimeikagua mkanda kwa mkanda maana iliyolika ukingoni haina maana.

Sasa ulichobaki nacho we ni bolti, na hapo naomba umakini wako wote. Muuzaji atakutolea sumaku akuonyeshe hainasi, "bosi hii ni orijino". Sumaku haikwambii kitu, stenlesi ya 304 hainasi na ya 316, ile inayohimili chumvi zaidi, hainasi, labda kidogo tu pale ilipofinyangwa. We geuza kichwa cha bolti usome, ikiandikwa A4 ndo 316, ikiandikwa A2 ni 304. Ziwa letu ni maji yasiyo na chumvi, A2 ingetosha, nakubali, lakini nikija siku moja kukutembelea Kigamboni baharini na chombo sitaki kubadilisha.

Nichukulie bolti za M6, yaani unene milimita 6, urefu milimita 40, pisi 40, na wosha pana, zile za upana kabisa. Ndani ya deki, chini ya kila kijicho, nabandika kipande cha plaiwudi ya milimita 12 halafu ndo wosha. Tundu natoboa kubwa kuliko bolti, najaza epoksi, ikikauka natoboa tena katikati, hivyo maji hayagusi mbao hata kidogo. Kwa baridi hii lakini epoksi haikauki kaka, juzi nimeiacha usiku kucha asubuhi bado ulimbo, nimeishia kuweka jiko la mkaa pembeni na mke wangu kanuna mpaka leo. Na kamba ya polista milimita 5, mita 60, nitaikata vipande, kila upande na yake, ili mmoja ukikatika trampolini nzima isifumuke mtu akaenda kuogelea bila kupenda.

Ah na grisi ndogo, usione ajabu. Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi ukiikaza kavu kwa drili inajing'ata, nimeshaua moja, haiendi mbele wala nyuma, nikaikata kwa grenda cheche zikanichomea shati.

Nataka niishushe Matema mwezi wa kumi, mwera ukishatulia, mitumbwi tunaipandisha kwenye Fuso mmoja mmoja kupitia Tukuyu. Ukipata likizo panga Jumamosi tupite na gulio la Lyulilo, mama anataka vyungu vya Wakisi.

Mzigo weka kwenye basi la usiku, namba yangu iandike kwa maka peni nje ya boksi, nikiupata nakutumia hela siku hiyo hiyo. Na nati kaka, nati! Mara ya mwisho uliniletea bolti tupu.

Ndaga fijo,
Gwakisa