Gemu ikipoteza hatua, msikimbilie kufuta kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu, na mafundi wa kompyuta wa hapa Lamu pia. Kompyuta za nyumbani zinafutwa zote, pamoja na picha za harusi na hati za shamba zilizomo, eti kwa sababu kijana amefungua gemu akakuta hatua alizohifadhi hazipo. Mara nyingi hatua hizo ziko humo humo.

Nina kiduka cha kupiga chapa na kutoa fotokopi huku Langoni. Jirani yangu aliniletea laptopu ya nyumbani kwake akiwa amekata tamaa. Mwanawe wa kidato cha tatu hucheza Age of Empires II, gemu ya mwaka 1999, na kila alichokihifadhi kilikuwa kimetoweka. Fundi alikuwa ameshamwambia hakuna dawa ila kufomati, yaani kuifuta diski yote. Nilimsihi angoje.

Tangu Windows Vista iingie madukani mwaka 2007, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files, folda ambamo programu huwekwa. Katazo hilo lina faida kubwa, kwani huzuia programu mbovu isichezee programu nyingine bila mwenyewe kuulizwa. Lakini gemu za zamani zimezoea kuhifadhi hatua za mchezaji papo hapo zilipowekwa. Ili zisikwame, Windows huzipokea faili hizo kimyakimya na kuziweka ndani ya akaunti ya mtumiaji: AppData, kisha Local, kisha VirtualStore. Gemu haina habari, inaziona kama ziko kwake. Siku ukiifungua kwa mamlaka ya msimamizi (administrator), Windows haiigeuzii njia tena. Gemu inatazama folda yake halisi na haikuti kitu. Ndilo lililomfika kijana huyu, maana kaka yake alimwambia aifungue kama msimamizi ili iende vizuri. Angeingia kwa akaunti ya kaka yake pia asingeziona, kwa kuwa kila akaunti ina VirtualStore yake.

AppData imefichwa, kwa hiyo kwanza iamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa. Tulipofika humo tuliikuta folda ya Savegame nzima. Tukainakili kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine, kisha gemu tukaiweka upya katika folda tuliyoiita Michezo, moja kwa moja kwenye diski C, nje ya Program Files. Hapo kwa kawaida mtumiaji anaweza kuandika bila ruhusa yoyote kubadilishwa. Kijana alirudisha faili zake akaendelea na vita vyake.

Si kila gemu iko hivyo. GTA San Andreas, ambayo vijana wetu wengi wanaijua, huhifadhi kwenye folda ya Documents. Ikikataa kuhifadhi, tazama kama Documents imehamishiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, au kama kuna aliyewasha ule ulinzi wa folda ulioletwa na Windows 10 mwaka 2017, unaozuia programu usizoziamini kuandika humo. Ukiwa umewashwa, ruhusu programu hiyo moja tu.

Kinachoniuma ni ushauri ambao vijana wanapeana: mpe kila mtu ruhusa zote kwenye diski C, zima kinga ya virusi, fungua kila kitu kama msimamizi. Gemu hizi zinazunguka kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, wala hakuna ajuaye nani alizigusa kabla. Ukishaipa gemu ya namna hiyo mamlaka yote, umeipa pia barua za baba na nywila za mama.

Na kuna jambo jingine naliona sana hapa kwetu kwenye hewa ya chumvi. Bodi ya laptopu inaoza, diski inatolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, folda inakataa kufunguka, na mwenyewe anaambiwa diski imekufa. Haijafa! Folda bado inamjua mwenye akaunti ya kompyuta ya zamani. Msimamizi wa kompyuta mpya anaweza kujimilikisha folda hiyo na kuifungua, isipokuwa diski iwe imefungwa kwa usimbaji, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke, ambapo ni lazima upate ufunguo wake.

Stima ikikatika wakati gemu inaandika, hapo faili inaweza kuharibika kweli, na kuitafuta kwenye VirtualStore hakusaidii. Dawa ni nakala uliyoiweka kabla.

Basi mzazi, fundi akikwambia lazima afomati, mtake kwanza akuonyeshe amenakili nini na amekiweka wapi, mfungue picha pamoja mzione. Asipoweza, chukua kompyuta yako upeleke kwa mwingine. Na nyinyi mafundi, tafadhali, tazameni VirtualStore kwanza.

Mama mwenye duka,
Langoni, Lamu