Dari haina kosa, kagueni paa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie desturi iliyoenea hapa Dar es Salaam kila mvua zinapokaribia. Doa la kahawia likijitokeza darini, mwenye nyumba humwita fundi wa jipsamu, ubao hubadilishwa, rangi hupakwa, na mvua kubwa ya kwanza hulirudisha doa lile lile. Fedha zimekwenda kwenye dari, ilhali kosa liko kwenye paa.

Maji yanayopenya kwenye bati mara nyingi hayadondoki papo hapo, bali huteremka yakifuata papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) hadi yakutane na msumari au kiungo, ndipo yaanguke. Kwa hiyo doa la sebuleni laweza kuwa limetokana na tundu lililo mita kadhaa juu zaidi, karibu na kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele. Anayetafuta aingie darini mchana wa jua, akanyage mbao na si jipsamu, azime tochi, kisha aangalie kuanzia usawa wa doa kuelekea kileleni, kwani matundu ya bati hujionyesha kwa mwanga. Yasiyojionyesha ni ya misumari ambayo mpira wake umekauka na kupasuka kwa jua. Hayo hutafutwa kwa kumwagia paa maji kwa bomba, kuanzia chini na kupanda polepole, huku mwenzako akichungulia ndani. Ukianzia juu, maji yatatapakaa kote na hutajua yameingilia wapi.

Nyumba za siku hizi, ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta, zina shida yake. Zinapendeza, sibishi, lakini maji yote huishia kwenye gata la ndani, na majani ya mwembe yakiziba mdomo wa bomba, maji hujaa, hupita juu ya ncha za bati na kumwagikia darini. Hapo hakuna tundu la kuziba, ila gata la kusafisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Doa likizidi kukua wakati wa kiangazi, basi achana na bati, kagua tangi na mabomba.

Jipsamu ikishavimba kwa maji, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, ndoo iwekwe chini, na uvimbe utobolewe tundu dogo maji yashuke, maana ukiachwa, ubao mzima huweza kuwaangukia watu.

Kwa mafundi wa dari, ambao siwatakii kukosa kazi, ninaomba mteja atajiwe bei ya ubao baada ya paa kukaguliwa, na kama bado linavuja, aambiwe waziwazi asubiri.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam