Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari: na pilau hiyo nayo ya mwezi wa wapi?

Mheshimiwa Waziri, assalaam alaykum. Mie ni kijana wa Chake, naishi mjini Unguja, na kazi yangu (kama asielipwa nae ana kazi) ni kuandika vichekesho vya TV. Najua una mengi lakini hili la haki za waandishi wa vichekesho nimelisema barazani mpaka wenzangu wamenichoka, ndo leo nalileta kwako.

Iddi ndogo iliyopita kituo kimoja, jina nalihifadhi, kilituomba kipindi maalumu cha dakika 30. Tukaandika watu watatu wiki nzima. Kipande nilichokipenda mie kilikuwa cha mume na mke nyumba moja, mke kafuata mwezi ulioandama nje huko, mume anasubiri wa hapa hapa, kwa hivo mmoja anapika pilau ya sikukuu na mwenziwe bado kafunga. Hakuna Mzanzibari asieijua nyumba hiyo. Mume anazozana weee, anatoa na dalili, mara mtoto anampitishia sahani puani. Ananyamaza. Halafu anauliza taratibu: "Na pilau hiyo nayo ya mwezi wa wapi?"

Basi, hapo ukate. Siku ya kurikodi mkubwa mmoja akasema watu hawatofahamu, ikageuzwa "Huu mwezi wa wapi hata mnapika pilau na wengine tumefunga?" Maneno takriban yale yale lakini hakucheka mtu, maana kicheko kinakaa mwishoni mwa sentensi na mwishoni sasa pana kufunga, kufunga kuna kichekesho gani? Wakabandika sauti za watu wanacheka. Mama akanipigia kutoka Pemba, "mwanangu, hao wanachekea nini?"

Majina yakapita mwisho wa kipindi, mpaka alieazimisha kanzu katajwa, waandishi hatumo. Malipo yetu soda na sambusa mbili mbili.

Ukiuliza unaambiwa vichekesho haviandikwi, mtu ana kipaji au hana. Hebu tizama Marekani, kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kiko hewani tokea 1975: Jumatatu wanatoa mawazo, Jumanne wanakesha wanaandika, Jumatano wanakaa mezani wanasoma kila kitu kwa sauti na vingi vinatupwa, ndo Jumamosi saa 5 na nusu usiku watu wanacheka. Mwaka 2023 waandishi wa huko walipogoma, mgomo wa siku 148, kipindi kikasimama na waigizaji wapo, studio ipo. Mie siombi pesa za Marekani, naomba meza ya Jumatano tu.

Na sie si wachanga wa TV, hapa tulikuwa na TV ya rangi tokea miaka ya 70, Bara wakasubiri mpaka 1994. Leo tunachekea vya Bara, na humo Mpemba ni yule yule, ana duka, ana kalamu sikioni, anaongea lafudhi ambayo Wete hujaisikia wala Micheweni hujaisikia. Wala siwalaumu, wanaandika wanachokijua. Wanaokijua chetu ndo sie tunaolipwa sambusa.

Ninachoomba ni kidogo Mheshimiwa. Kituo kikitaka kichekesho kimpe mwandishi mkataba wa karatasi, jina lake lipite kwenye kioo, na bajeti iwe na fungu lake hata likiwa dogo. Sheria ya Hakimiliki tunayo hapa Zanzibar tokea 2003, lakini huna karatasi yenye saini utakwenda kudai na nini, na mzozo wa pilau? Na mtu akitaka kubadilisha mstari atuite kwanza, tutabishana, pengine yeye ndie mwenye haki, hutokea.

Iddi kubwa inakaribia na skripti ninayo, ya mbuzi aliekimbia siku ya kuchinjwa akaingia kwenye daladala ya 505, utingo anamdai nauli. Tunaisoma kila Jumatano baada ya Isha, barazani. Ukipata nafasi karibu, kahawa na kashata tunajinunulia wenyewe.