Namba za simu za zamani zinatufungia barua pepe

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wenzangu. Mwezi uliopita nilibadilisha simu, akaunti yangu ya barua pepe ikajifunga, na namba ya uthibitisho ikawa inatumwa kwenye laini niliyoiacha zamani, ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Humo mlikuwa na barua za marehemu baba na picha ya mkataba wa shamba la mikorosho, wenye doa la chai pembeni mwa sahihi yake. Niliirejesha akaunti hiyo baada ya siku 11, nilipojaribu kupitia kompyuta ya ofisini niliyozoea kuitumia, kwani mfumo huamini zaidi kifaa unachokifahamu.

Wenye Gmail waliowasha uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya uthibitisho) wachapishe namba 10 za akiba, zenye tarakimu 8 kila moja, zinazotumika badala ya ujumbe wa simu. Aidha, Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua nakala za data zako, hukusanya barua zote katika faili la kuhifadhi kwenye flashi. Mimi nimeweka flashi mbili, moja kwa dada yangu.

Nazisihi kampuni za simu ziwakumbushe wateja kubadilisha namba za simu wanazopokelea uthibitisho kabla laini zao hazijagawiwa wengine.

Msomaji wako,
Lindi