Baba alinyamaza niliposemwa, kumbe anajua kila kitu

Shikamoo Shangazi. Najua barua unazopokea ni nyingi, ila hii naomba uisome hadi mwisho. Saa hizi ni saa kumi za usiku, sijafumba jicho, na muda si mrefu wataadhini. Siandiki mambo ya mapenzi. Naandika habari ya baba yangu mzazi na neno nililoambiwa mbele yake.

Neno lenyewe ni hili: "Mtoto wa kike hana ukoo wa kutafuta." Alilisema baba mdogo kwenye kikao, sebule imejaa watu, wake zao wapo, watoto wao wapo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. Hakusema kitu. Hata "basi, yaishe" hakusema.

Kikao chenyewe kilitokana na posa ya binti yangu. Washenga walikuja vizuri, wakapokewa vizuri, hadi mzee wao mmoja alipouliza kwa nia njema tu: "Nyinyi ni Wangoni wa ukoo gani?" Nyumba nzima tukatazamana. Shangazi unaijua nchi yetu hii ya mkonge. Huku kila nyumba ya pili ni wajukuu wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge: Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde, Warundi, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Sisi tunachojua ni kwamba Babu alikuja kukata mkonge, baadaye akahamia korona, yaani kiwandani kwa kuchambulia mkonge, akasilimu, akamwoa Bibi ambaye ni Mbondei wa Muheza, akazikwa Korogwe mwaka 1983. Basi. Kabla ya hapo ni giza. Ukimuuliza Baba anasema, "Babu yenu hakupenda kusimulia."

Washenga walipoondoka nikasema mimi nitakwenda Songea nikatafute. Ndipo baba mdogo akasema lile neno. Hakuishia hapo. Akaleta na ya dini, kwamba mwanamke hasafiri safari kama ile bila maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume. Akaleta na ya kuachika kwangu, kwamba mwanamke asiye na mume akishika barabara peke yake kuna anayemfuata huko. Shangazi, mimi nina miaka arobaini na kitu, nimesomesha watoto kwa biashara yangu ya vitenge, gari nimenunua kwa jasho langu. Na kaka zangu niliwaomba, Mungu shahidi. Mmoja alisema kazini hawampi ruhusa, mwingine alicheka. Sasa hayo maharimu ningeyatoa wapi? Mafuta nimeweka mwenyewe, kulala nimelipa mwenyewe, na pesa ya mahari haijaguswa hata shilingi, maana najua na hilo wanalisema.

Ila si baba mdogo aliyeniumiza. Baba mdogo ndivyo alivyo. Aliyeniumiza ni yule aliyekaa kimya.

Niliondoka alfajiri. Nilikuwa na bahasha moja tu ya kuanzia, niliyoitoa kwenye sanduku la bati la Bibi marehemu. Ndani mna kipande cha Babu cha kazi, kadi zile zenye vyumba 30 vya kuchorwa kila siku aliyomaliza, na stakabadhi ya kodi ya kichwa iliyoandikwa Songea, na kimedali kidogo cha Bikira Maria kilichofungwa kwenye kitambaa cha kaniki. Kimedali hicho Bibi alikitunza miaka yote na alikuwa mtu wa swala tano. Kwenye stakabadhi kuna jina la Kikristo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutajwa. Nilimwonyesha Baba kabla sijaondoka. Alikitazama kile kimedali, akanirudishia, akasema, "Angalia breki zako kabla ya Kitonga." Hayo ndiyo aliyoniaga nayo.

Kutoka Korogwe mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 1,000. Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi ambako unaendesha polepole kwa ajili ya wanyama, kisha ile milima ya Kitonga. Nilipanda Kitonga nyuma ya lori la saruji, IST yangu inanguruma, kulia bonde, kushoto mwamba, mpaka dereva wa lori akatoa mkono dirishani kunionyesha nipite. Nilikuwa naogopa lakini sikurudi. Makambako kwenye nyumba ya wageni mhudumu akaniuliza, "Mama, uko na nani?" Nikasema niko peke yangu. Akaniuliza tena kana kwamba hakusikia. Njombe baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na Lukumburu kona juu ya kona. Njia nzima nilikuwa namuwaza Babu. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, lililokuwa likikusanya vijana mikoani na kuwapeleka mashambani kwa mkataba. Babu alipita barabara hiyohiyo kinyume changu, ya vumbi wakati ule, nyuma ya lori, kijana wa miaka ishirini na kitu asiyejua mkonge unafananaje. Mimi nilikuwa na gari na simu na bado nilikuwa natetemeka.

Songea nilianzia Makumbusho ya Majimaji. Nilidhani nitaona majina nijue pa kushika. Niliona habari za wale walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, nikasimama pale muda mrefu, lakini jina la kwenye stakabadhi ni jina la ubatizo, halina ukoo. Mlinzi mmoja mzee ndiye aliyeniambia, "Mama, kama babu yako alibatizwa, nenda kwa mapadri. Wao huandika." Kweli. Parokia moja ya zamani upande wa Peramiho walinipokea na hijabu yangu bila kuniuliza maswali. Sista akaleta daftari kubwa la ubatizo, karatasi zimekuwa rangi ya chai, maandishi Kilatini, kila mstari jina la mtoto, baba, mama, msimamizi. Alikuwa akishusha kidole mstari kwa mstari, anasoma kwa sauti ndogo. Kidole kiliposimama, Shangazi, nililia. Jina la baba yake Babu lilikuwepo na ukoo ulikuwepo. Kwa mara ya kwanza maishani nina mahali.

Katekista akanipeleka kijijini. Huko ndiko nilikokutana na mzee mmoja wa karibu miaka themanini, amekaa barazani anapukuchua mahindi. Aliponyanyua uso nilimwona Baba. Si kufanana, ni Baba. Paji lile lile, masikio yale yale. Sikuhitaji kuambiwa.

Ni mtoto wa Babu. Babu aliondoka akimwacha mkewe wa ndoa ya kanisa na mtoto mgongoni. Mama yake mzee huyu alimngoja mpaka akazeeka, hakuolewa tena kwa kuwa ndoa yao haivunjwi. Kwa hiyo Baba si mtoto wa kwanza. Na baba mdogo anayetuambia kila siku kwamba yeye na Baba ndio wenye ukoo, mwenye ukoo anapukuchua mahindi Songea.

Mzee alinipokea vizuri mno. Aliniita "mwanangu" kabla sijamaliza kujieleza. Walinipikia, wakanitafutia mchinjaji Mwislamu kwa ajili ya kuku mmoja tu ili nile kwa amani. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nyumbani wanasema watu wa huko watatudai. Alinisimulia kwamba babu yake alikuwa mtoto wakati wa vita, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, akaokoka njaa kwa kula mizizi. Na mimi miaka yote nimekaa Korogwe sijui kwamba nimetoka kwa mtu huyo.

Sasa ndio nafika kwenye lenyewe. Jioni mzee aliingia ndani akatoka na kitabu chake cha sala, na katikati ya kitabu mna barua. Imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Akanipa nisome, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Imeandikwa mwaka 1964, inaanza kama barua zote za zamani: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Baada ya salamu inasema mke aruhusiwe kuendelea na maisha yake, kwamba mwenye barua amepata mji mwingine na dini nyingine, na wasimtafute tena.

Babu hakujua kuandika. Kwenye kipande chake kuna alama ya kidole gumba.

Mwandiko ni wa Baba, Shangazi. Ni mwandiko wa mtoto wa shule, herufi zimeandikwa kwa kubonyeza, lakini ni wake. Mimi nilisoma bweni, miaka yote Baba aliniandikia, barua zake ninazo. Namba saba anaikata katikati. Herufi "g" mkia wake anaurudisha nyuma kama ndoana. Na mwisho anaandika "Ni mimi" na kupiga mistari miwili chini yake. Yote yamo. Mwaka 1964 Baba alikuwa na miaka kumi na miwili. Babu alimkalisha akamwambia andika.

Kwa hiyo alijua. Siku mshenga anauliza ukoo, alijua. Siku namwonyesha kimedali, alijua. Siku ninaambiwa mtoto wa kike hana ukoo wa kutafuta, aliyekuwa amekaa pale na tasbihi mkononi ndiye pekee katika nyumba ile aliyejua kwamba kuna kitu cha kutafuta na kiko wapi, akaniacha niitwe malaya. Sikuitwa kwa neno hilo, lakini ndiyo maana yake, na wote walielewa.

Nimerudi na sijamwambia mtu. Wanadhani nimekosa, baba mdogo anafurahi, nawaacha wafurahi. Mimi sitaki kumfedhehesha baba yangu. Alikuwa mtoto, aliambiwa andika akaandika, na nani angemkatalia baba yake zama zile? Isitoshe ana presha, mwaka jana alilazwa. Kuna wakati nasema nitanyamaza na hili nife nalo. Halafu nakumbuka ile sebule, na nataka asimame palepale, mbele ya watu walewale, aseme mwenyewe kwamba binti yake alikuwa na haki. Sitaki kitu kingine. Sitaki nyumba ya Babu wala heka zake. Baba mdogo ndiye mwenye wasiwasi na heka, anataka ziuzwe kabla ya mwaka kwisha, na sasa naona kwa nini hakutaka mtu aende Songea, ingawa labda yeye hajui, alikuwa mdogo sana mwaka ule. Sijui. Nikimtazama naona anajua, kesho yake naona hajui.

Na yule mzee, Shangazi, hakuniomba mali. Aliniuliza kitu kimoja tu, kaburi liko wapi. Alisema hajawahi kumlilia baba yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia amekufa. Mama yake alifariki bado anamwombea mumewe arudi salama. Mimi ndiye niliyempa habari ya msiba, miaka zaidi ya arobaini baadaye, na alishusha kichwa akalia kama mtoto, wajukuu wanamtazama. Anataka kuja. Anataka afike kaburini, afanye matanga yake hata ya siku moja, aondoke. Vijana wake wamechanga nauli, wanataka waje kabla ya mvua maana mvua zikianza ni kulima. Nilimwambia karibu, baba mkubwa. Ningemwambia nini kingine, na kuku wake nimekula?

Sasa kijana wake mkubwa ananipigia. Jana usiku kaniandikia kwamba wanataka kukata tiketi, niwape tarehe. Sijajibu, ndiyo maana sijalala.

Nimlete moja kwa moja, aingie pale sebuleni Baba amwone kwa macho yake, wote wamwone, aliyesema na asiyesema? Siku nyingine hiyo ndiyo ninayoitaka kuliko kitu chochote. Au nimkalishe Baba kwanza peke yake nimwonyeshe picha ya barua niliyopiga na simu? Akikana je? Nikimwonyesha mwandiko wake akanitazama usoni akasema si wake, mimi na yeye tutabaki na nini? Na akianguka kwa presha, nitakuwa nimemuua kwa ajili ya neno la kikao. Au nimpeleke mzee kaburini kimyakimya, asome dua zake za Kikristo, nimrudishe stendi bila mtu kujua? Hilo ndilo rahisi. Lakini ni kumfanyia yule mzee alichofanyiwa mwaka 1964, kwa mkono wangu safari hii, na siwezi.

Na posa bado inasubiri. Washenga wanarudi mwezi ujao, na ukoo tunaoulizwa ninao kwenye pochi, umeandikwa na sista kwa kalamu ya bluu. Binti yangu ananiuliza, "Mama, umepata au hukupata?" Namwambia ngoja.

Shangazi, nijibu haraka, na usiweke jina wala mtaa, Korogwe ni ndogo na Baba husoma gazeti lako. Pengine ni heri alisome. Hapana, ficha, tafadhali. Ila hiyo ya namba saba iliyokatwa katikati, ukiona inafaa, iache.

Ni mimi msomaji wako,
Korogwe