Vijana wa vyama vya Burundi, msiurithi msitu

Wajukuu zangu wa Bujumbura, Gitega na Rumonge, nanyi mlioko kambi za wakimbizi Tanzania, amahoro.

Mimi ni mzee wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Nawaandikia nyinyi mnaovaa fulana za vyama, vya tawala na vya upinzani, maana nawasikia mkitukanana kwa matusi ya babu zenu.

Toka 1966 hadi 1993 tulitawaliwa na Micombero, Bagaza na Buyoya. Wanajeshi watatu, Watutsi, wote wa tarafa moja, Rutovu, na kila mmoja aliingia kwa kupindua. Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu, akaja kwa kura Juni 1993. Tarehe 21 Oktoba askari wakamuua, hata miezi minne ikulu hajatimiza. Vijana wa siku zile wakajifunza somo baya sana: kura isiyo na bunduki nyuma yake ni karatasi. Wengi wakaingia msituni kuwa waasi, na vita vikala watu wanaokadiriwa laki tatu.

Arusha, Agosti 2000, Mandela akiwa ameshika usuluhishi alioacha marehemu Nyerere, tulitia saini mapatano ya amani. Jeshini kabila moja lisizidi nusu. Kisha katiba ya 2005 ikaweka: Bungeni na serikalini, Wahutu asilimia 60, Watutsi 40. Leo nawasikia mkiucheka mgawo huo, eti kuhesabiana makabila ni aibu. Mimi nimemwona kwenye kizuizi cha barabarani askari wa jeshi la zamani na mwenzake aliyetoka msituni wakimenya mhogo mmoja kwa kisu kimoja. Miaka ya nyuma wangechinjana. Katiba ya 2018 imeipa Seneti kazi ya kuamua kama hesabu hiyo ibaki au iondoke. Msiwaachie maseneta peke yao.

Ila kuna jambo hatulisemi. CNDD-FDD, waasi ambao leo ndio chama tawala, hawakuwamo Arusha. Waliingia kwa mapatano yao ya 2003, na 2005 wakashinda uchaguzi. Walioketi ikulu wakawa si wale waliotia saini, na 2015, muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulipozua balaa, tuliona Arusha ilivyokuwa na wenyewe wachache. Maelfu wakavuka tena kwenda Kigoma.

Msituni hakuna mjadala: kamanda akisema, mnatembea. Hiyo iliwaokoa CNDD-FDD vitani, siwalaumu. Lakini chama kikiendeshwa hivyo, mpinzani anageuka adui, na anayeuliza anaitwa msaliti. Mwaka 2025 chama tawala kimetwaa viti vyote 100 vya kuchaguliwa bungeni. Vyote! Hata nyumbani kwangu hatujawahi kukubaliana hivyo juu ya chakula cha jioni.

Nendeni Rumonge mkaone. Waliokimbia mauaji ya 1972 walirudi kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Tanzania, wakakuta michikichi yao ina wenye wengine, waliopewa na serikali na wakazikia wazazi wao hapohapo. Wote wana machozi ya kweli. Mwanasiasa akifika pale huwa anachagua machozi ya upande mmoja.

2027 kuna uchaguzi wa rais. Mgombea akija mlimani kwenu akaanza kusimulia alivyopigana, mpeni maji anywe, kisha mwulizeni mafuta ya gari yatapatikana lini, na ugomvi wa mashamba ya Rumonge ataumaliza vipi. Na kijana wa chama kingine akiuliza swali hilo mkutanoni, asiguswe. Wewe mwenye fulana ya chama tawala ndiye usimame karibu naye mpaka ajibiwe.