Ukifunga boneti ya faiba, zile springi toa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi bodi, Mtanzania, kazi yangu iko huku Michigan, Marekani, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikipata mapumziko. Makala yenu ya zile gari za misuli za Kimarekani za miaka ya 60, zile zenye injini kubwa, niliipenda sana, ila pale mlipoandika kwamba ukitaka gari iwe nyepesi mbele unatoa tu boneti ya bati unafunga ya faiba umemaliza, hapo jamani hapana. Ndo kwanza kazi inaanza.

Chukua Camaro ya 1969. Boneti yake ya bati ni nzito, na kule nyuma karibu na kioo inashikwa na bawaba mbili, kila bawaba ina springi nene kazi yake ni kubeba ule uzito ili ukifungua boneti ikae juu yenyewe. Ukiifunga springi inavutika, na inabaki imevutika hivyohivyo muda wote, yaani gari imelala zake gereji na springi bado inasukuma kona za nyuma za boneti kwenda juu. Bati linahimili, limetengenezwa na wale wale waliopima springi. Sasa wewe unakuja na boneti ya faiba ambayo mtu mmoja anaibeba mwenyewe, unaifunga kwenye springi zilezile, unategemea nini?

Kuna mzee mmoja, mstaafu, alituletea Chevelle ya 1970, boneti alifungiwa gereji nyingine na springi za kiwandani zimeachwa palepale. Boneti ikiwa imefungwa kona za nyuma zilikuwa zimeinuka juu ya usawa wa madigadi unapitisha kidole, katikati imepinda, na kwenye rangi pale juu ya bawaba kuna ufa mwembamba unauona ukiinama tu mwanga ukipiga kwa pembeni. Kufungua kwa ndani sasa, faiba imeshaanza kuachana na kile kipande cha chuma kinachowekwa ndani kushika bolti, ukigonga kwa kucha unasikia patupu. Mzee ananiuliza si tupake puti tu tupige rangi? Nikamwambia mzee wangu puti tutapaka na ufa utarudi, maana kinachopasua bado kiko ndani.

Najua huko pwani mtu atasema mbona boti za faiba zinapigwa mawimbi kila siku na zinadunda. Sawa, ila boti ni nene na maji yameibeba chini kote, boneti ni ngozi nyembamba halafu nguvu yote inapita kwenye bolti chache za nyuma.

Kwa hiyo springi zinatoka. Na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri maana vidole vinaumia. Usitoe boneti ya bati kwanza ukaziacha springi kwenye bawaba, kwa sababu uzito ukiondoka tu bawaba inaruka na mkono wako uko hapohapo. Zitoe boneti ya bati ikiwa bado iko kwenye bawaba zake. Ishushe nusu ili springi zivutike, chomeka washa bapa, vile vibati vya duara vya bolti, katikati ya mizunguko yake, halafu inua boneti, mwenzio aishike na muweke na ubao, springi itakuwa imebaki ndefu haina pa kurudi, unaichomoa kwenye ndoano zake bila kupigana nayo. Miwani ya kazi vaa.

Sasa springi hamna, boneti itakaa juu na nini? Mimi ni mtu wa fimbo, sioni aibu. Fimbo kama ile ya gari ndogo za Kijapani mnazoendesha huko kila siku, ya aluminiamu, mguu wake unafungwa kwenye chuma cha mbele kinachoshika rejeta, kichwani weka mpira. Ila usiegemeze kichwa cha fimbo kwenye ngozi tupu ya faiba, na usiishike kona moja peke yake, faiba inajinyonga, utaona boneti imekaa upande kama kofia ya mlevi. Tafuta ule ubavu wa ndani wenye nguvu, au weka fimbo mbili, kushoto na kulia.

Wateja wengi wanataka shokapu za gesi kwa sababu zinapendeza kwenye maonyesho. Sizikatai, tatizo ni kwamba seti nyingi zinazouzwa zimepigiwa hesabu ya boneti ya bati, ukifunga hizo umerudi kulekule kwenye springi, umebadilisha jina tu. Ziko zenye nguvu ndogo, ulizia hizo, afu ujue kwenye baridi gesi inapungua nguvu, gari iliyosimamisha boneti vizuri mwezi wa 8 kwenye Woodward Dream Cruise, yale matembezi ya gari za zamani hapa kwetu, mwezi wa 1 inaweza kukushushia boneti kisogoni.

Kuna wengine wanatupa bawaba zote wanaweka pini nne, boneti unainyanyua nzima unaiweka pembeni. Hiyo ni ya gari za mashindano. Dodge walipotoa Dart zenye injini ya Hemi mwaka 1968, na boneti na madigadi ya mbele ya faiba, walibandika kabisa karatasi kwamba gari haikutengenezwa kwa ajili ya barabara za umma. Ford nao Fairlane zao za Thunderbolt za 1964, zile 100, zilikuwa za kukimbia robo maili. Wewe unayeenda nayo sokoni utaiweka wapi boneti nzima upepo ukivuma na uko peke yako unaangalia oili? Chukua boneti ya faiba yenye ngozi mbili, ya juu na ya ndani, na sehemu ya kufunga bawaba.

Ila pini mbili za mbele weka hata kama bawaba zipo, na kufuli la kiwandani liache. Hewa ikiingia chini ya boneti nyepesi kwenye spidi inatafuta pa kutokea, na kile chuma cha kufuli kikishikwa na faiba peke yake kinaweza kung'oka, boneti inakuja kwenye kioo huoni mbele. Pale pini inapopita weka kibati juu, tundu lisiliwe.

Chevelle ya mzee tuliikata ule upande ulioachana, tukajenga upya kwa mkeka wa faiba na resini, chuma cha ndani tukaweka kipana zaidi ya cha mwanzo. Springi nilimpa kwenye boksi akazihifadhi na boneti yake ya bati, hizo zinakwenda pamoja, siku akiuza gari mnunuzi atazitaka. Fimbo aliinunia kidogo, alitaka shokapu.

Mkiandika tena habari za gari hizi naomba picha ya boneti ikiwa wazi, upande wa chini. Za nje tumeziona nyingi.

Fundi Bodi,
Michigan, Marekani